Mwili, kumbukumbu au watu: ukiulizwa wewe ni nani, ushike jibu lipi?

"Wewe mtoto wa nani?"

Bibi aliniuliza hivyo Ramadhani iliyopita, ungo ukiwa mapajani, akichambua mchele wa daku. Nikamtajia mama yangu, ambaye ni bintiye wa pili. Akaitikia kwa adabu, kama mtu aliyetajiwa mtaa asioujua, akarudi kwenye mchele. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe: chuya huku, kijiwe huku, halafu ule mtikiso mdogo wa mkono unaorusha pumba nje na kuacha punje ndani. Mtikiso huo nimejaribu kuuiga tangu utotoni, kila mara nikaishia kuokota mchele sakafuni. Jina langu limemtoka bibi. Ungo haujamtoka.

Kwetu swali hili si la kupitishia muda barazani. Miaka saba iliyopita, akiwa na akili zake timamu, bibi aliwaita wanawe wote Pangani akawaambia: "Msinitoe hapa. Hata nikiugua, hata nikichanganyikiwa, nifie hapa hapa." Mwaka jana akaletwa Dar es Salaam kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, akakaa Temeke kwa mama mdogo miezi miwili. Akanenepa. Akawa anacheka na wajukuu na kugombana na katuni za kwenye televisheni. Aliporudishwa Pangani akaanza kulia kila magharibi, akiuliza watu wamekwenda wapi. Mjomba anasema neno la mama ni neno la mama. Mama mdogo anasema aliyesema vile hayupo tena, aliyepo ni huyu anayelia. Kila mmoja anaamini yeye ndiye anayemtii mama yake.

Mimi nilisoma falsafa chuo kikuu miaka mitatu na sasa natengeneza simu Kariakoo. Kikao cha familia kilipofika kwangu nikaambiwa, haya, wewe msomi, sema. Nikafungua mdomo, chai ikaingia. Haya ndiyo niliyotaka kusema.

Swali lililopasuka kioo

Kila siku naletewa mezani swali hili likiwa limepasuka kioo. Wiki moja nilipata wateja watatu ambao, kama wangekaa benchi moja, wangepigana.

Wa kwanza simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji. "Fundi, simu yenyewe siitaki, nitolee picha tu. Za marehemu mama zimo humo." Kwake simu ni yale yaliyohifadhiwa ndani. Wa pili aliibiwa, simu ikapatikana, lakini mwizi alikuwa ameshaiflashi: haina namba, haina picha, haina kitu. Akatoa boksi lake, akasoma tarakimu za IMEI, ile namba ya kila simu peke yake, moja baada ya nyingine, akasema, "Ndiyo yangu." Kwake simu ni kile kitu chenyewe. Wa tatu alipoteza vyote, akanunua simu mpya ya bei ndogo, akarudisha laini yake. Kabla hajaondoka mama yake akapiga. "Upo? Nilikuwa sikupati tangu jana." Kwa yule mama hakuna kilichopotea wala kilichobadilika; namba imepokelewa, mwanawe yupo.

Kitu chenyewe, kilichomo ndani, na namba wanayokupatia watu. Wanafalsafa wamebishana juu ya hayo matatu kwa zaidi ya miaka mia tatu, na ninayepaswa kuwasaidia kuchagua ni mjomba na mama mdogo.

Mwili

Jibu la kwanza ndilo la serikali. Wewe ni huu mwili, na alama za vidole ndizo shahidi. Ndiyo maana kadi inaitwa kitambulisho: inawasaidia wengine wakutambue, haidai kukusaidia ujitambue.

Msimamo huu unaonekana wa kizembe hadi usome jaribio la Bernard Williams, Mwingereza, la mwaka 1970. Ebu fikiria umeambiwa kesho utateswa. Unaogopa. Halafu unaambiwa usijali, kabla ya mateso tutakufutia kumbukumbu zote. Hutajua hata jina lako. Je, hofu inapungua? Kwangu inaongezeka. Unaambiwa tena, tutakuwekea kumbukumbu za mtu mwingine, utajiona kuwa ni yeye. Bado naogopa, maana atakayepiga kelele ni huyu huyu. Kama mimi ningekuwa kumbukumbu zangu tu, hapo ningepumua: aah, basi atakayeteswa si mimi. Hakuna anayepumua.

Udhaifu wa jibu hili Pwani tunaujua bila kusoma. Mwanamke akipandisha pepo, sauti inabadilika, lugha inabadilika, anadai pete au kanga nyekundu. Hapo hakuna anayemwita kwa jina lake. Yeye ni kiti. Anayesalimiwa, anayeulizwa jina na kwao ni wapi, anayebembelezwa na mganga ni yule aliyekikalia. Akishuka, mwanamke anaamka hana habari, na hakuna wa kumlaumu kwa matusi yaliyopita kinywani mwake. Unaweza usiamini pepo hata mmoja. Ninachotaka uone ni kwamba vizazi na vizazi vya watu wenye akili zao wameweza kuutazama mwili wanaoufahamu na kusema, bila kusitasita, anayezungumza si fulani. (Atakayenunua hiyo kanga nyekundu ni mume, lakini hilo ni suala la uchumi.)

Kumbukumbu

Hili ndilo jibu linalopendwa na wengi wa wateja wangu, na lina baba yake. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, aliliweka katika sura aliyoiongeza kwenye kitabu chake mwaka 1694, baada ya rafiki yake William Molyneux wa Dublin kumhimiza. Locke alitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyasema kwa neno moja: binadamu, yaani mwili ulio hai, na mtu, yaani yule anayejijua kuwa ndiye aliyetenda jana na ndiye atakayejibu kesho. Akatoa mfano wa roho ya mwanamfalme, pamoja na kumbukumbu zote za ikulu, kuingia katika mwili wa fundi viatu. Majirani watamwita fundi viatu. Lakini wa kuulizwa makosa ya mwanamfalme ni huyu aliyekaa kwenye kigoda cha fundi.

Kwa Locke, "mtu" ni neno la mahakamani. Linaamua nani alipwe na nani aadhibiwe. Huo ndio uzuri wa jibu lake na ndiyo sababu sijalitupa. Sisi wenyewe tunaliishi: mtu akikosea kwa hasira anasema "sikuwa mimi", au "shetani alinipitia", na wazee wakimpatanisha hawamwambii kwamba maneno yake hayana maana. Wanamwambia bado utalipa. Locke mwenyewe aligonga mwamba huo huo kwa mlevi: akilewa asikumbuke, kwa nini afungwe? Akajibu kwamba mahakama inaweza kuthibitisha kitendo lakini haiwezi kuthibitisha usahaulifu. Jibu la karani hilo, si la mwanafalsafa.

Kuanguka kwake kuna hatua mbili. Thomas Reid, Mskoti, mwaka 1785 alisimulia habari ya afisa shujaa. Alipokuwa mtoto alichapwa kwa kuiba matunda. Alipokuwa kijana jeshini aliteka bendera ya adui, na siku hiyo alikumbuka kile kiboko. Alipozeeka akawa jenerali, akawa anakumbuka bendera lakini kiboko kimemtoka kabisa. Kwa hesabu ya Locke, jenerali ni yule kijana, kijana ni yule mtoto, lakini jenerali si yule mtoto. Hesabu haifungi. Unaweza kuitengeneza kwa kusema inatosha mnyororo usikatike, pete moja ishike nyingine hata kama ya mwisho haiigusi ya kwanza. Wengi wamefanya hivyo, na ndiyo namna nzuri zaidi ya kulishika jibu hili.

Hatua ya pili ni ngumu zaidi. Joseph Butler alikuwa ameshauliza mwaka 1736: utajuaje kwamba kumbukumbu ni yako, si ndoto wala hadithi uliyosimuliwa, kama hukuanza kwa kujua kwamba aliyefanya ni wewe? Mimi nina kumbukumbu safi ya kuanguka kutoka kwenye mwembe wa bibi. Nimekuja kuambiwa ukubwani kwamba aliyeanguka ni binamu yangu. Naiona hadi leo ile ardhi ikija.

Halafu kuna Henry Molaison. Mwaka 1953, Marekani, alifanyiwa upasuaji wa ubongo ili kupunguza kifafa kikali. Kifafa kikapungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za maisha yake. Aliishi hivyo hadi 2008. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota akiitazama kwenye kioo tu, mkono ukiwa umefichwa. Siku ya kwanza mistari ilikwenda hovyo. Siku zilizofuata ikanyooka, na kila siku aliamini ndiyo mara yake ya kwanza kuiona kazi ile. Mkono ulikuwa umejifunza kitu ambacho mwenye mkono hakujua kuwa anakijua.

Niliposoma habari hiyo chuoni niliipita haraka, ilikuwa ya mtihani. Nimeikumbuka mbele ya ungo wa bibi. Kama sehemu kubwa ya mtu inakaa kwenye mikono, kwenye namna anavyokaza kanga kabla ya kusimama, kwenye lile "eh!" lake la kumkatiza mwongo, basi mtu anayepima utu kwa "unakumbuka au hukumbuki" anapima kwa kipimo kilichopungua. Bibi bado anawakatiza waongo. Hajui ni akina nani, lakini anawakatiza.

Na kama hakuna mtu humo ndani?

David Hume, mwanafalsafa Mskoti, mwaka 1739 aliingia ndani kumtafuta mwenye nyumba. Akasema kila akijichunguza anakutana na joto au baridi, mwanga au kivuli, pendo au chuki, maumivu au raha, mwenyewe hamkuti. Kwake mtu ni fungu la hisia zinazopita kwa kasi. Mwaka uliofuata akaongeza maelezo mwishoni mwa kazi yake, akikiri kwamba hajaridhika na jibu lake, kwani hajui fungu lenyewe linafungwa na kamba gani. Namheshimu zaidi kwa kurasa zile za kukiri kuliko kwa nadharia. Wabuddha walikuwa wameshafika huko karne nyingi kabla yake, kwa mfano wa gari la farasi: si gurudumu, si ekseli, si nira, na ukiviondoa vyote hubakiwi na gari.

Katika zama zetu aliyeibeba njia hiyo ni Derek Parfit, Mwingereza, mwaka 1984. Mfano wake ni mashine inayousoma mwili wako wote, inauharibu, na kukujenga upya kwenye sayari ya Mirihi. Kisha inakuja mashine mpya, isiyomharibu wa hapa. Sasa mko wawili. Nani ni wewe?

Hapo ndipo duka langu linapofaa. Dada mmoja alitaka data zake zote ziingie kwenye simu mbili mpya, moja abaki nayo, nyingine ampe mdogo wake. Nilipomaliza akaziangalia zote, picha zile zile, meseji zile zile, akauliza, "Sasa ile yangu ya zamani ni ipi?" Nikamwambia hakuna, au zote. Akanitazama kama mtu aliyelipia huduma mbovu. Parfit angemwambia swali lako halina jibu na halihitaji jibu; picha zipo, hilo ndilo ulilolitaka. Alisema kwamba alipokubali jambo hilo alijisikia amefunguliwa, kifo chake kikapungua uzito, na maisha ya wengine yakamkaribia.

Kama unasumbuliwa na hofu ya kifo, au na donge la aibu ya ujanani, lijaribu jibu hili, linapoza. Lakini kikaoni Pangani halifai kitu. Huwezi kumwambia mjomba kwamba hakuna mama, kuna mfululizo.

Roho

Nitapita haraka, kwa sababu ukiwa muumini umeshachagua, na usipokuwa muumini sitakushawishi kati ya chaja na kava. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1037, alitoa mfano wa mtu aliyeumbwa ghafla akielea hewani, macho yamefunikwa, viungo havigusani, haoni wala hasikii chochote. Je, atajua kwamba yupo? Atajua, akasema, ingawa hajui kama ana mwili; kwa hiyo nafsi si mwili. Descartes, Mfaransa, alifika karibu na hapo mwaka 1641 kwa njia ya shaka.

Kwa mgogoro wetu jibu hili lina faida moja: linakataza kusema bibi ni wawili. Nafsi ni ile ile, neno la miaka saba iliyopita ni lake na kilio cha magharibi ni chake. Hasara yake ni kwamba linaishia hapo hapo. Halikuambii yupi usikilize.

Watu

Jibu la mwisho ndilo tulilolelewa nalo. Mtu ni watu. John Mbiti, Mkenya wa Kitui, alilitia kwenye sentensi mwaka 1969: mimi nipo kwa sababu sisi tupo, na kwa kuwa sisi tupo, basi mimi nipo. Wengi huishia kwenye sentensi hiyo. Lililo zito zaidi ni alivyoyatumia maneno yetu mawili, Sasa na Zamani. Aliyekufa, kwa maelezo yake, hatoki mara moja kwenye Sasa. Anabaki humo akiwa mtu mwenye jina maadamu yupo hai wa kumkumbuka kwa jina. Wa mwisho akiondoka, naye anazama katika Zamani.

Angalia lilivyogeuzwa hapo. Kwa Locke kumbukumbu inayokufanya uwe wewe ni yako. Kwa Mbiti inaweza kuwa ya watu wako. Bibi amemsahau kila mtu, na bado hajapotea, kwa sababu sisi tunaendelea kupiga namba yake na yeye anapokea.

Ifeanyi Menkiti, Mnigeria, mwaka 1984 alikwenda mbali zaidi: utu haupewi siku ya kuzaliwa, mtu anaukuza ndani ya jamii, na anaweza kushindwa. Kiswahili kinamuunga mkono kila siku. Tunasema "huyo si mtu" juu ya mkatili, wala hatumaanishi kwamba ni mbuzi. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga: jamii inakujenga, lakini haiwezi kukumaliza, una akili na hiari yako inayoweza kuikosoa jamii hiyo hiyo.

Niko na Gyekye, na sababu yangu ina jina. Mvulana mmoja wa Kiyao, katika karne ya kumi na tisa, alikamatwa na wafanyabiashara ya watumwa, akauzwa, akapelekwa India. Miaka mingi baadaye, bwana wake alipokufa, akaachwa huru, akarudi Zanzibar, akafuatana na msafara wa wapelelezi wa Kizungu, Burton na Speke, kisha akawa mmoja wa viongozi wa msafara wa Stanley. Alifariki mwaka 1885. Tunamjua kama Sidi Mubarak Bombay: jina la baraka na jina la mji, yote aliyapata utumwani. Jina alilopewa na mama yake halikuhifadhiwa. Ukisema mtu ni vile watu wanavyomjua, basi yule mvulana alifutika siku ileile alipopewa jina jingine. Siamini hivyo. Jamii inayokutambua inaweza pia kuwa ndiyo iliyokuibia.

Nani anakujua zaidi?

Hapa mjomba na mama mdogo walikuwa wanabishana bila kujua wanabishana. Mjomba: mama alijijua, akasema anachotaka. Mama mdogo: mimi ninayemwogesha ndiye ninayejua anachotaka.

Wahenga hawakusaidii, wamekaa pande zote. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Upande wa pili: nyani haoni kundule, na kinyozi hajinyoi.

Majaribio yanampa nyani nguvu kuliko tunavyopenda. Mwaka 1977 Richard Nisbett na Timothy Wilson walieleza jaribio lao la dukani: jozi nne za soksi ndefu za kike zimepangwa kwa mstari, wapitanjia waseme ipi ni bora. Iliyokuwa kulia kabisa ilichaguliwa karibu mara nne ya ile ya kushoto kabisa. Watu wakaeleza ufumaji na ubora. Zote zilikuwa sawa. Walipoulizwa kama nafasi ya soksi mezani iliwaathiri, wakakataa, wengine wakimtazama muulizaji kwa wasiwasi. Mwaka 2005 Petter Johansson na Lars Hall, Sweden, waliwaonyesha watu picha mbili wachague sura iliyowavutia, kisha kwa ujanja wa mkono wakawapa ile waliyoikataa. Wengi hawakugundua. Wakaeleza kwa nini wameichagua, wakitaja mambo yaliyomo kwenye picha ambayo hawakuichagua.

Haina maana kwamba hujijui kabisa. Simine Vazire mwaka 2010 alipima nani anajua nini, na matokeo yamegawanyika: wasiwasi wako wa ndani unaujua wewe kuliko rafiki zako, lakini kuhusu akili na ubunifu wako rafiki wanakuona vizuri zaidi, pengine kwa kuwa hapo ndipo tunapojipendelea. Basi gawa hivi hivi. Ukiniambia unaumwa, nakuamini kuliko kipimo. Ukiniambia wewe ni mkarimu, nitamuuliza konda wa daladala yako.

Tukirudi Pangani

Mgogoro wetu una wakubwa wake. Ronald Dworkin, mwanafalsafa wa sheria, mwaka 1993 aliandika juu ya mwanamke mwenye Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu, aliyekuwa na furaha kila siku: anakula mkate wa siagi ya karanga na jemu, anasoma riwaya akiruka kurasa bila kujua amefikia wapi. Dworkin akasema hata hivyo, matakwa aliyoyaandika akiwa na akili timamu ndiyo yafuatwe, kwa kuwa wakati huo ndipo alipoweza kupima maisha yake kwa ujumla na kusema lipi lina thamani. Huyo ni mjomba. Rebecca Dresser akamjibu mwaka 1995: anayeishi matokeo ya uamuzi ni huyu wa leo, na raha yake na maumivu yake ndiyo yatazamwe kwanza. Huyo ni mama mdogo, ingawa mama mdogo alilisema akiwa ameshika sufuria.

Ningepewa nafasi kabla ya chai, ningesema hivi. Kwa deni, kiapo na kosa, shika mnyororo wa Locke, na mwili uwe shahidi; hatuna kingine cha kufikisha mahakamani. Kwa mgonjwa aliyesahau, mwache Locke mlangoni, shika watu. Ukimpima kwa kumbukumbu utaanza kumzungumzia mbele yake kama hayupo, nimeona tukifanya hivyo, mimi nikiwemo. Ila usishike watu peke yao; jambo la maumivu na furaha muulize mwenyewe, kwa lugha yoyote aliyobakiwa nayo, hata kama ni kulia magharibi.

Na kuhusu lile neno la miaka saba, namuunga mkono mama mdogo, lakini si kwa sababu yake. Yeye anasema aliyesema hayupo. Mimi nasema yupo, ni yule yule, na alikosea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bibi wa wakati ule alikuwa akikizungumzia kitanda ambacho hajawahi kukilalia. Alifikiri kwamba hata akisahau kila kitu hatausahau mwembe wake na bahari yake, na kwamba vitamtosha. Alijijua vizuri, ila alijijua kwa kadiri ya siku zile. Kuna jambo moja hakukosea, nalo mjomba alilishikilia hadi jasho likamtoka: makaburi ya wazazi wake, pale nyuma ya nyumba. Hilo halikuwa utabiri wa atakavyojisikia. Lilikuwa ni kusema yeye ni wa wapi.

Kikao kiliishia hapo, hatua chache kutoka nilipokuwa nataka kifike, kwa njia ya kelele. Atakaa Temeke. Siku ikifika atarudishwa Pangani, na mjomba ndiye atakayesafirisha. Mama mdogo alisahau kufunga nguo za bibi kwenye begi lakini ungo aliubeba mwenyewe mkononi, ndani ya basi, hadi Temeke.

Jumapili nilikwenda kumwona. Alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na feni, na mchele mbele yake.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wako," nikasema.

Akanitazama muda mrefu, kuanzia miguuni.

"Eh!" akasema. "Basi njoo uchambue, wangu hawakai bure."